Kidonda kisichouma, na majibu ya maabara yanayochukua miezi

"Daktari, habari za kazi. Naishi mwaloni upande wa Ziwa Kyoga, wilaya ya Nakasongola. Mume wangu ni mvuvi, mimi nauza dagaa wa mukene. Kijana wetu ana miaka 9. Miezi minne iliyopita alipata kigoroli chini ya ngozi ya mguu, kwa nje, chini kidogo ya goti. Hakikumuuma, tukadhani ameumwa na mdudu. Kikakua, kikapasuka, na sasa ni kidonda upana wa mdomo wa kikombe. Cha ajabu hakimuumi, mpira anacheza. Tulinunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa, vingine tukavifungua tukanyunyizia unga wake, hakuna kitu. Hospitalini aliyempima aliingiza kijiti chenye pamba ukingoni, kikazama chini ya ngozi karibu nusu ya kidole changu, na mtoto hakulia. Wakasema wameona bakteria wa jamii ya TB, lakini mashine ya TB imesema hana TB. Sasa wametuma kipande Kampala ili kioteshwe, na majibu eti ni miezi miwili au mitatu. Miezi mitatu! Mama mkwe anasema huu si ugonjwa wa hospitali, mtoto ametupiwa kitu. Jirani anasema mguu utakatwa. Nina mchanga wa miezi mitano, tunalala wote chumba kimoja. Je, ni TB au si TB? Atawaambukiza wenzake? Na hiyo maabara, inachelewa kwa sababu gani, au tunazungushwa tutoe kitu?"

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza mambo matatu na yote nitayajibu. Lakini lililonifanya niandike kwa urefu hivi halimo katika hayo matatu. Ni lile neno ulilolipitia haraka, "cha ajabu hakimuumi". Umeliandika kama faraja. Mimi limenitia wasiwasi kuliko upana wa kidonda chenyewe.

Tuelewane kwanza kwamba ugonjwa hauthibitishwi kwa barua. Vidonda sugu vya mguuni viko vingi, na watu wetu huvibatiza vyote jina moja, donda ndugu, hata kama havina undugu wowote. Hata hivyo, ukiniwekea mezani kigoroli kisichouma kwa mtoto wa miaka 9, ngozi iliyoliwa kwa chini hadi kijiti kinazama, bakteria wa jamii ya TB kwenye hadubini, mashine ya TB inayosema hapana, na nyumba iliyo kando ya Kyoga, cha kwanza kunijia kichwani ni kidonda cha Buruli.

Ndiyo, Buruli hiyo hiyo ya kwenu. Albert Cook, daktari mmishonari wa Hospitali ya Mengo, alieleza vidonda vya namna hii Kampala mwaka 1897. Bakteria mwenyewe alikuja kutambuliwa mbali, Australia, ambako daktari MacCallum na wenzake walimwandika mwaka 1948 kutokana na wagonjwa wa eneo la Bairnsdale. Halafu miaka ya 1960 wagonjwa wengi wakaonekana katika kaunti ya Buruli, ambayo leo iko Nakasongola, na kati ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wamewekwa Kinyara, si mbali na mto Nile. Jina likaganda hapo. Huwa nawaonea huruma Baruli, wenyeji wa huko, kwa hili. Ugonjwa umeonekana katika nchi zaidi ya 30, siku hizi wagonjwa wengi wanaripotiwa Afrika Magharibi na hukohuko Australia, lakini wao ndio waliobaki na jina. Karibu nusu ya wagonjwa wa Afrika ni watoto wa chini ya miaka 15, kwa hiyo umri wa kijana wako nao unaingia kwenye picha.

Sasa swali lako la kwanza. Anayesababisha kidonda hiki anaitwa Mycobacterium ulcerans. Ni wa ukoo wa mikobakteria, na ukoo huo ni mkubwa. Yumo wa kifua kikuu, yumo wa ukoma, na wamo wengine wengi wanaoishi majini na kwenye udongo ambao wengi wetu tunaishi nao mpaka kufa bila kujuana. Wanachoshiriki ni koti. Wote wamevaa ukuta mnene wenye nta. Fundi wa maabara akipaka rangi nyekundu na kuipasha moto, rangi inaingia kwenye nta hiyo, na hata akimwaga asidi juu yake haitoki. Kisha anapaka bluu kwa nyuma. Anapochungulia anaona vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa bluu. Hicho ndicho walichokiona kwa mwanao. Lakini koti halisemi jina la aliyelivaa. Kutoka kwenye rangi peke yake huwezi kumtofautisha wa TB na huyu, na ndiyo maana wakakwambia "wa jamii ya TB" wakaishia hapo. Ilifaa wakae dakika tano wakueleze.

Mashine waliyotumia, GeneXpert, inatafuta alama za wale wa kifua kikuu tu. Huyu wa kidonda akipita mbele yake haimtambui, hana alama hizo. Kwa hiyo majibu yako mawili hayapingani hata kidogo: hadubini imesema kuna mtu wa ukoo huu, mashine imesema si yule mnayemfikiria. Mtoto wako, kwa yote uliyonieleza, haonekani kuwa na TB. Na huyu hakai mapafuni wala haenezwi kwa kikohozi. Kulala chumba kimoja, kula sahani moja, kumbeba mgongoni, hakuna hata kimoja kinachomtia mchanga wako hatarini. Kidonda kifunikwe kwa sababu ya nzi na uchafu, na kwa sababu vidonda vyote hufunikwa. Mtoto asitengewe kikombe.

Twende kwenye maabara, kwa maana hapa naona umeshaanza kuwahukumu. Mama, hawakuzungushi. Mdudu mwenyewe ndiye mpole.

Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata chakula na joto, anagawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Ili mmoja afikishe milioni anahitaji kugawanyika mara 20, na kwa mwendo huo ni kazi isiyofika saa 7. Unamwotesha jioni, asubuhi unamkuta. Wa kifua kikuu anachukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Huyu wa Buruli anachukua siku moja na nusu au zaidi. Piga hesabu ileile ya mara 20: ni mwezi mzima kumpata milioni, na hapo tumemhesabia kama hakuchelewa kuanza. Ukweli ni kwamba huchelewa, kwa sababu kabla ya kumwotesha fundi hulazimika kusafisha kipande kwa kemikali ili kuua bakteria wengine waliojaa kwenye kidonda. Wasipouawa, wale wenye mbio watakula chakula chote kabla huyu hajaamka. Usafishaji huo huua hata wengi wa huyu anayetafutwa. Wanaobaki huwekwa kwenye mirija yenye mlo uliopikwa kwa mayai, una rangi ya kijani hafifu, na hapo fundi anaanza kuchungulia kila wiki. Wiki ya 6, wiki ya 8, wakati mwingine ya 12, ndipo anaona vipunje vidogo vya manjano hafifu, vyenye uso wa mkwaruzo. Na mara nyingi, hata kwa mgonjwa mwenye kidonda cha kweli, haoti kitu.

Kisha kuna jambo la joto. Wa kifua kikuu anapenda nyuzi 37, joto la ndani ya mwili wetu. Huyu hapendi. Anataka nyuzi 29 hadi 33, na ukimpandisha hadi 37 anadumaa. Nilipokuwa bado mgeni kazini, katika maabara ambayo sitaitaja, tulikaa miezi tukipata majibu ya "hakuna kilichoota" kutoka kwa wagonjwa ambao ungewatambua ukiwa umesimama mlangoni. Siku moja mzee mmoja wa maabara akafungua kabati la joto, akaangalia kipimajoto, akatucheka. Vipande vyetu vyote vilikuwa vimewekwa pamoja na makohozi ya TB, kwenye nyuzi 37. Hakuna aliyekuwa ameandika kwenye fomu tunamtafuta nani.

Kupenda ubaridi huko kunaeleza pia kwa nini yupo mguuni. Ngozi ya miguu na mikono ina joto la chini kuliko tumbo au mapafu, na huko ndiko anakokaa kwa raha. Wagonjwa wengi vidonda vyao viko kwenye viungo hivyo, miguu ikiongoza.

Kwa hiyo kuotesha si kipimo cha kungojea ndipo mtoto atibiwe. Kina kazi yake, kwa mfano kujua kama dawa zimegoma, lakini si cha kuamulia matibabu ya leo. Kipimo cha kuuliza ni PCR, ileile tuliyoizoea wakati wa Covid, ila hii inatafuta kipande cha vinasaba vya mdudu huyu. Bahati yetu ni kwamba kipande hicho amekirudia ndani ya mwili wake zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata wakiwa wachache wanakamatika. Majibu yake ni ya siku, si miezi. Kwa kidonda kilicho wazi hata upasuaji mdogo hauhitajiki; kijiti chenye pamba kinapitishwa chini ya ukingo, palepale kilipozama mara ya kwanza, kwa sababu huko chini ndiko wanakojificha. Katikati ya kidonda wako wachache. Kama waliotuma kipande Kampala hawakuomba PCR, kipande hichohicho mara nyingi kinaweza kutumika. Rudi uwaulize. Na daktari mzoefu akiona dalili hizi pamoja na vijiti vyekundu vya hadubini, ana sababu ya kutosha kuanza dawa huku akisubiri uthibitisho.

Na sasa lile neno lako. Kwa nini hakiumi?

Mdudu huyu ana ndugu wa karibu sana anayeitwa Mycobacterium marinum, anayekaa majini na kuwaletea samaki ugonjwa, na anayeweza kumpa mtu kipele kigumu kidoleni. Inaonekana wote wawili wametoka kwa babu mmoja. Huyu wetu njiani alipoteza vitu vingi vya urithi, hata uwezo wa ndugu yake wa kugeuka manjano akipigwa na mwanga. Lakini akapata kimoja kikubwa, kipande cha ziada cha vinasaba chenye maelekezo ya kupika sumu. Sumu hiyo, maikolaktoni, ilitambuliwa mwaka 1999. Bakteria wenyewe wamelundikana mahali pamoja ndani ya mafuta ya chini ya ngozi, wametulia. Sumu ndiyo inayotembea. Inaingia kwenye seli na kuziba njia ambayo seli hupitishia protini zake nyingi, seli zinakufa kimyakimya. Askari wa mwili wanaotakiwa kupiga kelele za hatari nao wanazibwa midomo, kwa hiyo hakuna joto, hakuna wekundu mwingi, hakuna homa. Na mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu inazimwa.

Umeona sasa? Jipu linauma kwa sababu mwili unapigana. Huku mwili haupigani, umelazwa. Mafuta ya chini yanaoza na ngozi ya juu inabaki ikining'inia, kama ukingo wa mto ulioliwa na maji kwa chini: juu nyasi ni mbichi, unakanyaga, unazama. Kidonda unachokiona upana wa kikombe huenda chini yake ni upana wa kisahani. Kwa ugonjwa huu maumivu si kipimo, na mtoto kucheza mpira si dalili ya nafuu. Miezi minne amecheza mpira, na kigoroli kimekuwa shimo.

Hapo ndipo ninapoona njia ya kuzungumza na mama mkwe wako, na nakuomba uende naye kwa heshima, kwa sababu hajakosea kushangaa. Kidonda kinachokula mguu wa mtoto bila kuuma, bila homa, kinachogoma kila dawa ya dukani, ni jambo la kutisha, na kabla ya sumu hii kujulikana hata madaktari walikuwa wakikuna vichwa. Mwambie kilichotupwa kina jina na kimeonekana kwa macho, chekundu kwenye bluu. Kama anataka kuomba dua, aombe. Ila asipake kitu chochote kidondani, na asimkataze mtoto dawa.

Kimetoka wapi? Hapa sayansi bado haijafunga mjadala. Tunajua ugonjwa unaandama watu wanaoishi karibu na maji yanayotuama au yanayokwenda polepole, mabwawa, vinamasi, kingo zenye mafunjo, na kwamba hapa Uganda wagonjwa walionekana pia Busoga baada ya maziwa kufurika miaka ya mwanzo ya 1960. Jinsi anavyoingia kwenye ngozi, kama ni kupitia mchubuko, mdudu wa majini au mbu, inaonekana inatofautiana mahali na mahali. Kule jimbo la Victoria, Australia, ushahidi umezidi kuelekea kwa mbu, na kuna mnyama mdogo wa mitini, posamu, anayebeba ugonjwa. Posamu hawako Kyoga, kwa hiyo yao tusiyabebe mazimamazima. Tunachokifahamu vizuri ni kwamba hatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Siwezi kukwambia mvuvi asiguse maji, ningekuwa nacheka maisha yenu. Mchubuko uoshwe kwa sabuni na kufunikwa, suruali ndefu kwenye mafunjo inapowezekana, chandarua usiku ambacho kwa malaria mnacho tayari. Chanjo ya BCG ya utotoni, ile ya kukinga TB, ilijaribiwa hukuhuku Uganda na ikaonekana kukinga kwa miezi kadhaa tu, kisha kinga ikaisha.

Jirani yako anayesema mguu utakatwa anazungumza habari za zamani, si uongo mtupu. Zamani matibabu yalikuwa kisu. Walikata ngozi yote iliyooza na kipande kizima cha pembeni, wakapandikiza ngozi, mgonjwa akalala wodini kwa miezi, na wengine walipoteza viungo. Hilo lilibadilika kuanzia mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza antibayotiki kwa wiki 8: rifampisini pamoja na sindano za streptomaisini. Sindano hizo zilitibu, lakini ziliharibu masikio ya baadhi ya watu. Utafiti uliofanywa Ghana na Benin, ukachapishwa mwaka 2020, ukaonyesha kwamba sindano zinaweza kuachwa. Leo ni vidonge tu, rifampisini mara moja kwa siku na klarithromaisini mara mbili kwa siku, kwa siku 56, kipimo kikifuata uzito wa mtoto. Kisu kimebaki kwa vidonda vikubwa, kwa kusafisha au kupandikiza ngozi. Kwa kidonda cha ukubwa ulioueleza, wengi hupona kwa dawa na kufungwa vizuri.

Rifampisini ni dawa ileile ya TB, na hapa nakuomba sana: mtu asikuletee vidonge vya TB vilivyobaki nyumbani kwake. Rifampisini ikitumika peke yake humfundisha bakteria kuizoea. Mkojo, machozi na jasho la mtoto vitageuka rangi ya machungwa, usishtuke wala usiache dawa. Ila macho yakiwa manjano, au akitapika mfululizo na kukataa chakula, simamisha na umpeleke siku hiyohiyo. Mweleze daktari dawa nyingine zote anazotumia. Daktari atapendekeza pia kipimo cha VVU, na nakuomba usiudhike, kwa sababu aliye na VVU kidonda humwendea vibaya zaidi, na rifampisini hugombana na baadhi ya ARV, lazima zipangwe upya.

Jambo moja nataka ulisikie mapema lisije likakukatisha tamaa wiki ya 4 au ya 6. Huenda kidonda kikapanuka wakati anameza dawa, au kigoroli kipya kikajitokeza kando, hata baada ya dawa kwisha. Mara nyingi si kwamba dawa zimeshindwa. Bakteria wamekufa, sumu imepungua, na wale askari waliozibwa midomo wameamka wote kwa pamoja na kuingia kwenye fujo. Sasa ndipo kitauma, na ndipo usaha utaongezeka. Mpeleke aangaliwe, kwa sababu daktari ndiye wa kutofautisha hali hiyo na uambukizo mwingine, lakini usiache vidonge. Na siku ya 56 ikifika kidonda hakitakuwa kimefunga. Huyu ni mpole hata katika kuondoka. Ngozi itaendelea kujaza kwa wiki nyingi, pengine miezi.

Nyumbani, unga wa kapsuli usiwekwe tena. Unakauka, unafanya gamba, na chini ya gamba mambo yanaendelea usiyoyaona. Majivu, unga wa betri na kinyesi cha ng'ombe ndio usiseme, huko kuna pepopunda. Chemsha maji, lita moja, tia kijiko kidogo cha chumvi, yaache yapoe kabisa, osha kwa hayo. Funika kwa shashi iliyopakwa vaselini, kwa sababu shashi kavu inagandana, na kila ukiivuta unang'oa ngozi changa iliyoota usiku. Ikigandana, ilowanishe kwanza.

Kisha mtazame akilala. Mtoto mwenye kidonda karibu na goti hulala amekunja mguu, ndivyo anavyojisikia vizuri. Akilala hivyo miezi miwili kovu linajengeka likiwa limekunjwa, na goti halinyooki tena. Nimeona watoto waliopona kidonda kabisa wakabaki wanatembea kwa ncha ya kidole. Akishasinzia, mnyooshe mguu taratibu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kisigino, si chini ya goti. Mchana akunje na kukunjua mara nyingi. Kwa hiyo mpira, kusema kweli, simnyimi, mradi kidonda kimefungwa.

Najua utasikia pia habari za moto, kwamba mdudu hapendi joto basi achomwe kwa maji. Wazo halikutoka hewani. Madaktari wamewahi kufunga vifuko vya joto la nyuzi kama 40 juu ya vidonda vya Buruli, huko Cameroon kwa mfano, na baadhi walipona. Lakini joto la vifuko vile lilikuwa linadhibitiwa. Wewe utakuwa na chupa ya maji ya moto juu ya mguu uliokufa ganzi. Mtoto hatakwambia anaungua. Usijaribu.

Na kama si Buruli? Inawezekana. Kuna TB ya ngozi, kuna ndugu wengine wa ukoo huu wanaoingia kupitia sindano au jeraha, kuna vidonda vya kawaida vya nchi za joto ambavyo huanza kwa kasi na kuuma sana. Ndiyo sababu nasisitiza PCR na macho ya mtu aliyewahi kuviona. Kwenye kituo cha afya daraja la tatu usilaumu mtu asipokijua, huenda hajawahi kuona hata kimoja. Mtafute msimamizi wa TB na ukoma wa wilaya, VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chenu, atakuonyesha pa kumpata. Yeye ndiye anayejua sampuli inapelekwa vipi na klarithromaisini inaombwa wapi, maana dukani ni ghali, na siku 56 si mchezo.

Nenda wiki hii, usingoje majibu ya kuotesha. Lakini usingoje hata wiki kama mguu mzima umevimba ghafla na kung'aa, kama homa imepanda na kingo zimekuwa nyekundu na kuuma, kama goti halinyooki, kama mfupa unamuuma usiku, au taya limekaza. Hapo panda boda asubuhi uende hospitali ya wilaya au Kampala moja kwa moja.

Mvishe kaptura, umwombe atakayempima apitishe tena kijiti chini ya ukingo kuzunguka pande zote na kuandika kwa sentimita kinapozama. Kalamu ya wino ichore mstari kwenye ngozi mpaka hapo. Wiki ijayo mtajua kama kinatembea. Na kabla ya kuondoka, fomu ya Kampala iangaliwe tena. Kama haijaandikwa, mwombe daktari aiandike kwa herufi kubwa: anatafutwa Mycobacterium ulcerans, nyuzi 29 hadi 33.